Gari la kazi lipimwe kwa torki na gia, si kwa CC peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jinsi tunavyochagua magari ya kazi yanayopelekwa vijijini, kule ambako lami haijafika na ambako gari likishindwa kupanda kilima, mgonjwa hubebwa kwa machela na mbolea hulala njiani. Nimefanya kazi ya ufundi wa magari na kuwafundisha vijana kazi hiyo hapa Morogoro kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na magari mengi yaliyopita mikononi mwangu ni yale yanayopanda milima ya Uluguru kuelekea Mgeta, Kinole na vijiji vilivyo juu zaidi. Awe ni mfanyabiashara wa mboga, paroko, mwenyekiti wa chama cha ushirika au ofisa anayeandaa zabuni, swali la kwanza ninaloulizwa ni lilelile: gari lina CC ngapi? Akiambiwa ni 4,200 anaridhika, akiambiwa ni 1,500 anaona anataka kuuziwa mchezo wa watoto. Ninachotaka kusema ni kwamba swali hilo, likiulizwa peke yake, halimwambii mnunuzi gari litafanya nini kwenye tope la masika. Maswali yenye majibu ni mengine: injini inatoa torki (nguvu ya kuzungusha) kiasi gani, inaitoa ikiwa kwenye mizunguko mingapi kwa dakika, na gia zinaizidisha mara ngapi kabla haijafika kwenye tairi.

Mazoea ya kuhesabu CC hayakuzuka hivi hivi. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa kwa magari ya abiria yanayoingizwa Tanzania umepangwa kwa ukubwa wa injini: gari lisilozidi CC 1,000 halitozwi, lenye kati ya 1,001 na 2,000 hutozwa asilimia 5, na linalozidi hapo hutozwa asilimia 10. Jirani zetu wa Kenya nao wameweka kiwango cha asilimia 35 kwa magari ya dizeli yanayozidi CC 2,500 na ya petroli yanayozidi 3,000. Mwananchi ambaye kila karatasi ya bandarini inamtajia CC, na ambaye amezoea kuona wakubwa wakipita ndani ya shangingi lenye maandishi ya V8 ubavuni, hawezi kulaumiwa akidhani kwamba ukubwa wa injini ndio nguvu yenyewe. Lakini mtoza ushuru ana shabaha yake, na anayetaka kufikisha gunia 20 za viazi barabarani ana yake.

CC ni ujazo wa silinda zote za injini ukijumlishwa, yaani nafasi ambayo pistoni zinapita zikishuka kutoka juu hadi chini. Ujazo huo unatueleza hewa kiasi gani inaweza kuingia kwa kila mizunguko miwili ikiwa injini inajivutia hewa yenyewe bila msaada wa turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Torki ni kitu kingine: ni nguvu ya kuzungusha inayotoka kwenye krenkishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, nayo hupimwa kwa niutoni-mita. Fundi anayefungua nati ya gurudumu iliyoshika kutu huchomeka bomba kwenye spana ili mpini uwe mrefu. Mikono ni ileile, lakini nati inalegea. Ukining'iniza uzito wa kilo 10 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita moja, umepata torki ya karibu niutoni-mita 98, na kwa kipimo hicho msomaji anaweza kujipatia picha ya tarakimu nitakazozitaja.

Tuchukue gari ambalo kila Mtanzania analijua, Land Cruiser ya Hardtop, ile ambayo wengi huiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Injini yake iliyozoeleka zaidi huku kwetu ni 1HZ, dizeli ya silinda sita isiyo na turbo, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Ina CC 4,164 na hutoa niutoni-mita 285 ikiwa kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Toyota hiyohiyo sasa inafunga kwenye gari la umbo lilelile injini ya silinda nne iitwayo 1GD, yenye CC 2,755 na turbo, ambayo ikiunganishwa na giaboksi ya otomatiki hutoa niutoni-mita 500 kuanzia mizunguko 1,600. Hii ndogo ina theluthi mbili tu ya ujazo wa ile kubwa, na torki yake inaizidi kwa robo tatu. Inaizidi hata V8 ya dizeli ya CC 4,461, kwa sababu V8 hiyo, kama ilivyofungwa kwenye Hardtop kwa turbo moja, ilitoa niutoni-mita 430. Ofisa aliyeandika kwenye zabuni kwamba injini isipungue CC 4,000 ameikataa injini yenye torki kubwa kuliko zote tatu, na huenda asijue kamwe kwamba ameikataa.

Turbo ina faida nyingine ambayo watu wa nyanda za juu wanapaswa kuifikiria kabla ya watu wa pwani. Kadiri tunavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Kwenye mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kama ilivyo Makete na sehemu za Njombe, uzito wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 18. Injini inayojivutia hewa yenyewe hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na pampu ya dizeli ikiwa imepimwa kwa matumizi ya Dar es Salaam, mafuta yanazidi hewa, moshi mweusi unatoka nyuma, na dereva anashangaa kwa nini gari lililopanda vizuri Pugu linakohoa kule juu. Ile 285 ya kwenye karatasi imebaki kama 235. Turbo husukuma hewa ndani kwa shinikizo, hivyo sehemu kubwa ya upungufu huo huzibwa. Ni jambo la kawaida katika fizikia ya kidato, lakini sijaliona kwenye karatasi ya zabuni hata moja iliyoletwa kwangu nisaidie kuisoma.

Wapo wanaodhani wameepuka kosa la CC kwa kuuliza nguvu za farasi. Nao wanahitaji kuangalia tena. Nguvu za farasi ni torki ikizidishwa kwa wingi wa mizunguko, kwa hiyo injini ndogo ya petroli ikizungushwa kwa kasi kubwa huandikiwa farasi wengi hata kama torki yake ni haba. Land Rover Series III ya dizeli, ile ya CC 2,286 iliyozunguka nchi hii katika miaka ya 1970 na 1980, ilikuwa na farasi 62 tu. Toyota Vitz ya lita moja inakaribia farasi 70. Hakuna dereva mwenye akili timamu atakayeipeleka Vitz na tela mahali ambapo Series III ilikuwa ikienda, na huko Maralal, kaskazini mwa Kenya, Land Rover za zamani zimeendelea kubeba watu na mizigo kwenye njia za mawe miaka mingi baada ya kiwanda kuacha kuzitengeneza. Siri yake haikuwa injini, kwa maana injini ilikuwa dhaifu hata kwa viwango vya wakati ule. Ilikuwa ni gia.

Hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji, kwa sababu hesabu yenyewe ni rahisi ila inahitaji kufuatwa hatua kwa hatua. Torki ikitoka kwenye injini hupita kwenye giaboksi, halafu kwenye transfa (giaboksi ya pili inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele na ya nyuma), halafu kwenye difu (gia zilizo katikati ya ekseli), na kila mahali inapopita gia ndogo ikizungusha gia kubwa, mwendo unapungua na torki inaongezeka kwa uwiano uleule. Land Rover Defender yenye injini ya 300Tdi ya CC 2,495 inatoa niutoni-mita 265 ikiwa kwenye mizunguko 1,800. Gia namba moja ya giaboksi yake inazidisha kwa 3.69, transfa ikiwa imewekwa kwenye gia nzito, ile ya mwendo wa polepole, inazidisha kwa 3.32, na difu inazidisha kwa 3.54. Ukizidisha tarakimu hizo tatu unapata zaidi kidogo ya 43. Maana yake ni kwamba krenkishafti inazunguka mara 43 ili gurudumu lizunguke mara moja, na ile 265, tukiweka kando inayopotea kwenye msuguano, inafika magurudumuni ikiwa zaidi ya niutoni-mita 11,400. Tairi la gari hilo lina nusu kipenyo cha sentimita 40 hivi, kwa hiyo mvuto kwenye ardhi ni sawa na uzito wa kilo 2,900, wakati gari lenyewe likiwa limejaa mzigo wake wote unaoruhusiwa lina kilo 3,050. Nguvu ya namna hiyo inatosha kupandisha gari kwenye mteremko wowote ambao tairi zake zitaweza kuushika. Kitakachoshindwa kwanza ni mshiko wa tairi.

Sasa tulilinganishe na Suzuki Jimny mpya, lile gari dogo ambalo wanunuzi hulicheka. Injini yake ni ya petroli, CC 1,462, na inatoa niutoni-mita 130, yaani nusu ya ile ya Defender. Gia namba moja ni 4.425, transfa kwenye gia nzito ni 2.002, difu ni 4.09, zote zikizidishwa zinatoa 36 na ushee. Tairi ni dogo, nusu kipenyo chake hakifiki sentimita 35, na tairi dogo ni faida kwa mvuto. Ukikamilisha hesabu unapata mvuto wa karibu kilo 1,390 kwa gari ambalo likijazwa kabisa lina kilo 1,435. Kwa kila kilo ya gari na mzigo, Jimny ya CC 1,500 na Defender ya CC 2,500 yenye turbo zina mvuto unaolingana karibu kabisa. Nimewapa vijana wangu hesabu hii darasani mara nyingi, na kila mara wapo wanaoirudia wakidhani wamekosea nukta.

Hata hivyo magari hayo mawili hayalingani katika kila jambo, na tofauti iliyobaki ndiyo inayoeleza kwa nini tarakimu ya torki haitoshi bila kuandikwa pembeni yake mizunguko inayoizaa. Defender inafikia torki yake ya juu kwenye mizunguko 1,800, na kwa gia nzito niliyoieleza, wakati huo gari linakwenda kilomita 6 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Jimny inafikia ya kwake kwenye mizunguko 4,000, na kufika hapo gari liwe tayari linakwenda kilomita 14 kwa saa. Kwenye mawe, au kwenye daraja la magogo ambalo utingo anatembea mbele akimwonyesha dereva pa kuweka tairi, kilomita 14 ni mwendo wa hatari. Dereva wa Jimny atakwenda polepole kwa torki iliyo chini ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu, na kwa kuwa gari ni jepesi mara nyingi itamtosha. Mwenye mzigo wa tani moja anahitaji injini inayovuta ikiwa chini, na kwa hilo dizeli yenye turbo haijapata mpinzani katika bei ambayo sisi tunaimudu.

Gia nzito zina kazi ya pili ambayo watu huisahau mpaka siku ya ajali, nayo ni kushuka. Uwiano ule wa 43 unafanya kazi pande zote mbili: ukiachia mafuta kwenye mteremko, magurudumu yanalazimika kuizungusha injini mara 43 kwa kila mzunguko wao mmoja, na injini inakataa. Defender ikiwa kwenye gia hiyo bila kukanyagwa mafuta wala breki inashuka kwa kilomita 2 na nusu hivi kwa saa. Dereva anayeshuka kutoka vijiji vya juu akiwa kwenye gia za kawaida hana msaada huo, anakaa juu ya pedeli ya breki kwa nusu saa, breki zinachemka, pedeli inakuwa laini chini ya mguu, na kwenye kona ya mwisho haishiki tena. Nimefungua magurudumu ya magari yaliyopata ajali ya namna hiyo na kukuta pedi zimegeuka kuwa kama kioo kilichoungua.

Kwa sababu hizo, nahuzunika ninapoona magari yenye umbo la porini lakini yasiyo na transfa ya gia nzito yakinunuliwa kwa ajili ya milima. RAV4 na X-Trail ni magari mazuri kwa kazi zilizokusudiwa, na yale yanayosukuma magurudumu manne yanasaidia kwenye mchanga na kwenye utelezi mwepesi, ila hayana gia nzito, na hakuna CC zitakazoziba pengo hilo. Kuna pia pikapu za kebini mbili zinazoagizwa kwa bei nafuu zikiwa na msukumo wa nyuma tu, zimeinuliwa juu na kuwekewa vyuma vya mbele, na kwa macho hutazitofautisha na ndugu zake zenye magurudumu manne.

Taasisi moja ninayoifahamu ilinunua gari la aina hiyo kwa ajili ya kubeba wagonjwa kutoka kwenye zahanati ya mlimani. Injini ilikuwa kubwa na mpya. Gari lililetwa kwangu likiwa halipandi tena, na nilipoishusha giaboksi nilikuta sahani ya klachi imeisha mpaka kwenye ribiti, flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo sahani hiyo huligandamia, imegeuka rangi ya bluu na kuchanika nyufa ndogo ndogo kama udongo wa mbugani wakati wa kiangazi. Dereva hakuwa mzembe. Gia namba moja ya gari lile ilikuwa na mwendo mkubwa mno kwa kilima kile, na kila alipofika kwenye kona kali yenye makorongo alilazimika kwenda polepole kuliko gia ilivyoruhusu; akiachia klachi yote injini inazimika, kwa hiyo aliikanyaga nusu na kuiacha iteleze. Klachi ilifanya kazi ya transfa ambayo haikuwepo. Ikabadilishwa, na baada ya masika mengine ikarudi vilevile. Otomatiki isingeungua kwa namna hiyo, maana kifaa chake cha mafuta kinachokaa mahali pa klachi huteleza bila kulika na hata kuongeza torki wakati wa kuondoka, lakini mafuta yake nayo hupata joto kali yakitumikishwa hivyo siku nzima, na ukarabati wake huku kwetu ni ghali.

Niongeze neno kuhusu tairi, kwa kuwa vijana wengi wenye magari ya kazi siku hizi wanafunga tairi kubwa kuliko za kiwandani wakiamini wanaongeza nguvu. Anayetoa tairi za 235/85 R16, zenye kipenyo cha sentimita 80 na kidogo, na kufunga za 315/75 R16, amepata nafasi zaidi kati ya difu na ardhi, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini kipenyo kimepanda hadi karibu sentimita 88, na kila gia aliyonayo imepoteza zaidi ya asilimia 8 ya mvuto wake. Asipobadilisha ringi na pinioni, yaani gia kubwa na ndogo za ndani, kwenye difu zote mbili, gari litakuwa zito kuondoka, klachi itaumia na breki zitahitaji umbali mrefu zaidi. Kwa mwenye injini ya turbo hasara hiyo inavumilika. Kwa mwenye 1HZ iliyochoka, akiwa na mzigo, itamsimamisha kilimani.

Sipendi nieleweke kwamba naidharau 1HZ. Ni injini ninayoiheshimu kuliko nyingi, kwa sababu pampu yake ni ya gia na vyuma, inastahimili dizeli ya kwenye mapipa ambayo ingeziba nozo za injini za kisasa, na fundi mwenye spana za kawaida anaweza kuiamsha akiwa kilomita 100 kutoka karakana yoyote. Injini mpya zenye shinikizo kubwa la mafuta zinataka dizeli safi isiyo na maji na chujio libadilishwe kwa wakati. Anayekwenda mahali ambapo hana uhakika wa mafuta ana haki ya kuchagua uimara kuliko torki, na akiwa na transfa nzuri atafika. Ila achague akijua anachokitoa na anachokipata, asichague kwa sababu tarakimu moja ni kubwa kuliko nyingine.

Kuhusu madereva, nitatoa mfano mmoja niliouona kwa macho. Hardtop ilikuwa imenasa katikati ya njia ya shamba, tope limefika kwenye kapi za magurudumu, na watu kama 15 wanasukuma. Dereva alikuwa ameshavuta mkono wa transfa hadi L4, yaani magurudumu manne kwenye gia nzito, na anakanyaga mafuta kwa nguvu zote, matairi ya nyuma yanarusha tope mpaka kwenye miembe, na ya mbele yametulia tuli. Hakuwa amefunga habu za magurudumu ya mbele. Gari lile lina vifungo viwili vidogo katikati ya magurudumu ya mbele, ambavyo ni lazima vigeuzwe kwa mkono ili shafti za mbele zishikane na magurudumu, na tangu akabidhiwe gari hakuna aliyemwonyesha. Nilivifuta tope kwa kitambaa, nikavigeuza, nikamwomba aweke gia namba mbili na kuachia klachi taratibu bila kukanyaga mafuta. Gari lilitoka lenyewe, likinguruma chini chini, na waliokuwa wanasukuma wakabaki wameshika hewa. Injini haikuongezewa kitu chochote.

Madereva wengine wana kosa la upande wa pili, la kuacha gari kwenye magurudumu manne hata likiwa kwenye lami kavu. Kwenye gari ambalo transfa yake inafunga shafti ya mbele na ya nyuma pamoja, magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma kila linapokata kona, na kwa kuwa lami hairuhusu tairi kuteleza, msokoto wote unabaki ndani ya vyuma hadi mnyororo wa transfa au shafti ikatike. Kwenye tope msokoto huo hujiachia wenyewe.

Kwa hayo, napendekeza mambo matatu kwa wahusika. Wanaoandaa vipimo vya magari ya umma, wakiwemo Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini na wenzao wa TEMESA wanaoyatunza magari hayo, waandike kwenye vipimo vya gari la vijijini torki inayotakiwa chini ya mizunguko 2,000, wadai transfa yenye gia nzito, waandike uwiano wa jumla wa gia ya chini kabisa usiopungua 35 kwa gari jepesi na 40 kwa gari la mzigo, na wataje tairi ambalo uwiano huo umehesabiwa nalo. Kipimo cha CC kinaweza kubaki kwa ajili ya ushuru. Pili, kabla gari halijapokelewa, lijazwe mzigo wake kamili, lisimamishwe katikati ya kilima halisi cha udongo katika wilaya litakakofanya kazi, kisha liondoke tena mara kadhaa mfululizo, likipanda na likishuka. Klachi ikitoa harufu, au dereva akishindwa kushuka bila kung'ang'ania breki, gari hilo lirudishwe kwa muuzaji na litafutwe linaloweza kazi. Jaribio hilo linamalizika kabla ya saa sita mchana na halihitaji kifaa chochote cha maabara.

Tatu, vyuo vyetu vya ufundi stadi vya VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji viweke kwenye mtihani wa dereva wa gari la kazi sehemu ya vitendo inayomtaka mtahiniwa afunge na kufungua habu, aingize na kutoa L4 gari likiwa limesimama, ashuke mteremko mkali bila kugusa breki, na aeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini amechagua gia aliyoichagua. Dereva aliyepita mtihani huo apewe cheti kinachotaja ujuzi huo, na waajiri wa madereva wa magari ya wagonjwa wakiulizie kabla ya kumkabidhi mtu ufunguo.

Fundi na mkufunzi wa ufundi wa magari,
Morogoro